Mshindwa Aende Wapi? Tunachojifunza kutoka chaguzi za Kenya

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, muda mfupi baada ya kutangazwa mshindi, Mwai Kibaki aliapishwa Ikulu ya Nairobi giza likiingia. Chama cha mpinzani wake, Raila Odinga, kiliyakataa matokeo. Kilipoambiwa kiende mahakamani, kikasema hakiendi. Wengi waliona huo ni ukaidi. Kwangu swali ni jingine: je, mahakama ya wakati ule ilikuwa mlango, au picha ya mlango iliyochorwa ukutani?

Kibaki mwenyewe alikuwa ameshaugonga ukuta huo. Baada ya uchaguzi wa 1997 alifungua kesi kupinga ushindi wa Daniel arap Moi, ikatupwa kwa sababu Moi hakukabidhiwa hati mkononi. Nani angepenya katikati ya walinzi wa rais akampe bahasha? Miaka kumi baadaye sheria ilikuwa ile ile, na makamishna wengi wa tume ya uchaguzi walikuwa wameteuliwa na rais bila kushauriana na upinzani, kinyume na maafikiano ya vyama ya 1997.

Hasira iliyokosa pa kupelekwa ikaingia barabarani, ikakuta huko ugomvi wa ardhi wa miaka mingi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao, hasa Bonde la Ufa. Reli iling'olewa Kibera, mtaa wa Nairobi. Malori kutoka Mombasa yalikwama, petroli ikaadimika hadi Uganda na Rwanda, kwa watu ambao hawakupiga kura Kenya. Uchumi uliokua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 haukufikisha asilimia 2 mwaka uliofuata. Ukame na bei ya mafuta duniani vilichangia, ndiyo, lakini hoteli za Pwani hazikukimbiwa na watalii kwa sababu ya ukame.

Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipatanisha, ikazaliwa serikali ya nusu mkate, yaani Kibaki na Odinga wakagawana madaraka. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Iliunda kaunti 47 zenye haki ya kupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, hivyo kuukosa urais si kukosa kila kitu tena. Kwangu, hata hivyo, kifungu chenye uzito zaidi ni cha 140: anayepinga ushindi wa rais ana siku 7 kufungua kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua.

Mlango huo ulifunguka kweli tarehe 1 Septemba 2017. Majaji, chini ya David Maraga, walifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Damu ilimwagika hata hivyo mwaka ule, na polisi waliwaua raia mitaani Nairobi na Kisumu, hilo lisifichwe. Lakini tazama 2022. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana hadharani matokeo yaliyompa William Ruto ushindi dhidi ya Odinga, kisa ambacho 2007 kingewasha nchi. Safari hii fomu 34A, zinazoonyesha matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo 46,229 ziliwekwa mtandaoni kwa yeyote kuzijumlisha, Odinga akaenda mahakamani, akashindwa, na nchi ikaendelea na kazi.

Sanduku la kura pekee halitoshi, kwani kuna miaka mitano katikati. Wananchi walipeleka maoni yao juu ya Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya, na wabunge wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo, 25 Juni, vijana waliingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Zaidi ya watu 50 walikufa katika maandamano ya majuma yale, na Julai Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja, kumaanisha mikopo ghali zaidi. Maandamano ya amani yanalindwa na kifungu cha 37 cha Katiba. Maoni yangesikilizwa Bungeni, vijana hao wangekuwa hai.

Tume ya uchaguzi nayo ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Kura zikishahesabiwa, fomu 34A hubandikwa mlangoni pa kituo. Ipige picha, kisha uilinganishe na ile itakayowekwa mtandaoni.