Kanazawa kwa treni: yanayosemwa na yaliyopo

Mwambie mtu unapanga kwenda kupumzika Kanazawa, mji wa Japani, siku mbili tatu, atakujibu kwamba huko ni Kyoto ndogo tu. Vipeperushi vya utalii vimelirudia neno hilo mpaka likazoeleka, na ndilo linalowapoteza wageni wengi, maana wanashuka kwenye treni wakitafuta mahekalu makubwa na jumba la mfalme. Hawayaoni, wananung'unika.

Kyoto ilikuwa makao ya mfalme na watawa. Kanazawa ilikuwa mji wa samurai. Maeda Toshiie aliingia kwenye ngome ya hapo mwaka 1583, na ukoo wake ukashika hatamu mpaka utawala wa samurai ulipoondolewa katika karne ya 19. Enzi hizo utajiri wa mtawala ulipimwa kwa mchele, na jimbo lao la Kaga lilihesabiwa kuwa na zaidi ya koku milioni moja kwa mwaka. Koku moja ni kama kilo 150, na ilichukuliwa kuwa chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Ukimwondoa shogun mwenyewe, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani nzima, hakuna mtawala aliyewafikia. Sasa tajiri wa namna hiyo hakosi kutiliwa shaka na shogun, na akina Maeda walilijua hilo. Badala ya kujionyesha kwa silaha wakamwaga fedha kwenye bustani, vyombo vya udongo, hariri na Noh, maigizo ya jadi ya Japani. Hayo ndiyo ya kwenda kuyaona: bustani ya Kenrokuen, ambayo kiingilio chake ni yeni 320, kuta za udongo za mtaa wa samurai wa Nagamachi, na nyumba za chai za Higashi Chaya, mtaa uliopangwa mwaka 1820. Mji haukupigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo vichochoro vingi vimebaki kama vilivyokuwa. Na wale wanawake unaowaona wamevaa kimono wakipiga picha pale Higashi Chaya, wengi si geisha, wale wasanii wa kike wanaotumbuiza wageni. Ni watalii wenzako waliokodi nguo kwa siku moja.

Kisha kuna hekalu la Myoryuji, ambalo kila mtu analiita hekalu la ninja. Hakuna ninja aliyeishi humo. Lilijengwa mwaka 1643 kwa amri ya Maeda Toshitsune, na hofu iliyolijenga ni ya kisiasa: serikali ya shogun ilikuwa imepiga marufuku majengo ya zaidi ya ghorofa tatu. Ukisimama nje unahesabu ghorofa mbili. Ndani ni nne, zimegawanywa katika tabaka saba, zenye vyumba 23 na ngazi za kupandia 29. Kuna ngazi moja ambayo sehemu za wima kati ya kidato na kidato zimezibwa kwa karatasi tu. Mwanga ukipita, mlinzi aliyejificha chini anaona kivuli cha miguu ya anayepanda, anachoma kwa mkuki. Kwangu mimi hiyo ngazi inapendeza kuliko hadithi yoyote ya ninja. Lakini huingii kwa kujitokea tu mlangoni. Unaweka nafasi kabla, unatembezwa kwa kikundi, maelezo ni ya Kijapani (wageni hupewa kijitabu), na picha ndani haziruhusiwi.

Ngome nayo watu wanaidhania ni ya kale yote. Moto wa mwaka 1881 ulikula sehemu kubwa, na baadaye chuo kikuu kikakaa humo humo mpaka miaka ya 1990. Lango la Ishikawa, lenye vigae vya madini ya risasi vinavyoonekana vyeupe, ni la mwaka 1788. Ghala refu na mnara wa pembeni vilimalizika kujengwa upya mwaka 2001, kwa mbinu za mafundi wa zamani. Si udanganyifu, na vibao vinakueleza, ila wengi hawavisomi.

Halafu dhahabu. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 99 ya karatasi za dhahabu za Japani zinatengenezwa Kanazawa, wageni wanaamini kuna machimbo jirani. Kilichoufaidisha mji ni unyevu. Karatasi hiyo hupondwa mpaka ibaki na unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na hewa ikiwa kavu inanasa kila mahali kwa umeme tuli. Hewa yenye maji inaituliza. Hata jumba la dhahabu la Kinkakuji, fahari ya hao hao Kyoto, lilipakwa karatasi kutoka Kanazawa. Ile aiskrimu iliyofunikwa jani zima la dhahabu inunue ukitaka, lakini dhahabu haina ladha yoyote. Unalipia picha.

Unyevu huo una bei yake. Wenyeji wana msemo kwamba afadhali usahau chakula chako cha mchana kuliko mwavuli. Ukienda kuanzia Novemba utakuta miti ya Kenrokuen imefungwa kamba kutoka kileleni hadi kwenye matawi, isivunjwe na uzito wa theluji.

Kuhusu treni, dhana kubwa ni kwamba lazima ununue Japan Rail Pass, pasi ya kupanda treni bila kukata tiketi ya kila safari. Zamani hesabu ilikubali. Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tiketi ya Tokyo hadi Kanazawa ni zaidi kidogo ya yeni 14,000 kwa upande mmoja, kwa hiyo kwenda na kurudi hakufiki hata elfu 30. Tena pasi hiyo ni ya anayeingia nchini kama mgeni wa muda mfupi. Mwanafunzi wetu anayesoma Japani kwa kadi ya ukaazi haimhusu.

Usifike saa nzima kabla kama aliyezoea SGR ya Nairobi. Hakuna mbwa wa kunusa wala mashine ya kupitishia mabegi. Unaingiza tiketi getini, unapanda. Kula ndani kunaruhusiwa, na vyakula vya boksi vinauzwa kituoni kwa ajili hiyo. Angalia tu jina la treni: Kagayaki hufika kwa saa mbili na nusu hivi lakini siti zote ni za kukata mapema, Hakutaka husimama vituo vingi zaidi na ina mabehewa ya kukaa popote. Mlima Fuji usiutafute dirishani, ni wa njia ile ya kwenda Kyoto. Huku, ukikaa kushoto, karibu na Toyama unaona milima ya Tateyama, mahandaki yakikuruhusu.

Baada ya tetemeko la Noto la Januari 1, 2024, wapo wanaoamini mji umebomoka. Maafa makubwa yalikuwa kaskazini, kwenye rasi ya Noto. Kanazawa kuta za mawe za ngome ziliathirika, lakini mji unapokea wageni, na Machi 16 mwaka huo huo reli ya mwendo kasi ilirefushwa hadi Tsuruga, mji ulio upande wa kwenda Kyoto.

Urefushaji huo ndio uliofuta treni ya moja kwa moja kutoka Kyoto, ambayo baadhi ya watu bado wanaitaja. Treni hiyo, Thunderbird, siku hizi inaishia Tsuruga. Unashuka kwenye jukwaa la chini kabisa, unapanda hadi ghorofa ya tatu kwenye treni ya mwendo kasi, na muda wa kubadilisha unaweza kuwa dakika nane tu, hivyo begi zito liwe karibu na mlango kabla treni haijasimama.