Walisaini wenyewe, ndiyo. Walikuwa na mlango gani mwingine?

"Walisaini wenyewe, fundi. Nani alishikiwa panga?" Sentensi hii nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana anayehariri video za harusi hapa Mwanga, Kigoma, mtu makini anayeijua kazi yake. Tulikuwa tunazungumzia mpango wa Nvidia wa mwaka 2018, ule uliowataka watengenezaji wa kadi za grafiki waitengee GeForce, yaani chipu zake, chapa zao za gemu. Nimechoka kuijibu kwa maneno mawili matatu huku nimeshika bisibisi. Jibu lote naliweka hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwa haraka, nani anafanya nini. Nvidia na AMD wanabuni chipu: za Nvidia zinaitwa GeForce, za AMD zinaitwa Radeon. ASUS, MSI, Gigabyte na wenzao wanainunua, wanaiweka kwenye bodi yao, wanaongeza hitisinki, feni na boksi, ndipo inakuja kuuzwa. Wapo wa upande mmoja tu: Sapphire na PowerColor ni wa AMD, Zotac na Palit ni wa Nvidia. Watatu wakubwa niliowataja mwanzo wamejenga jina lao kwa kuuza za pande zote mbili. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndipo ugomvi wote ulipo.

Tarehe 1 Machi 2018 Nvidia ilitangaza mpango wake, GeForce Partner Program, watu wakaufupisha GPP. Wiki moja baadaye Kyle Bennett wa HardOCP, tovuti ya habari za kompyuta, akaandika kilichomo ndani: mshirika anayetaka kuingia lazima chapa yake ya gemu iwe ya GeForce peke yake. Bennett alisema wazi kwamba AMD ndio waliomletea habari ile kwanza. Wapo wanaoona hilo linaifuta hoja yote. Halifuti. Mshindani aliyeumizwa akikosa kulalamika, atalalamika nani?

Kufikia Aprili matokeo yalikuwa yanaonekana kwenye maboksi. ASUS wakatangaza chapa mpya, AREZ, ya kadi za Radeon peke yake. Kadi za Radeon za MSI zenye jina Gaming X zikaanza kutoweka kwenye tovuti yao. Gigabyte walikuwa na boksi la nje la kuchomeka kwenye laptopu: lenye GeForce ndani liliitwa Aorus, chapa yao ya gemu, lenye RX 580 ya AMD ndani halikuwa na jina hilo. Tarehe 4 Mei Nvidia wakaufuta mpango, wakisema umezungukwa na uvumi na upotoshaji. ROG Strix, jina la chapa ya gemu ya ASUS, ikarudi kwenye Radeon. Hakuna mahakama iliyowahi kuamua kama mpango ule ulikuwa halali.

Sasa nije kwenye hoja inayonikera, maana kila anayesema "walisaini wenyewe" anaileta pamoja na mfano uleule. Anakuonyesha duka la mangi lililopakwa rangi nyekundu na kampuni ya soda kuanzia msingi hadi bati, anakwambia: mbona hili hulalamikii? Mwenye duka kapewa rangi, kapewa friji, kakubali. Biashara ni biashara.

Mfano huo naupenda kuliko anavyoupenda yeye, kwa hiyo tuukague vizuri. Rangi ukutani haina neno. Kampuni imenunua ukuta, imeweka jina lake, na jina la duka limebaki palepale juu ya mlango. Mteja akiingia anakuta soda za kampuni nyingine kwenye rafu ileile, na mwenye duka ni yuleyule aliyemzoea. Lakini friji ni habari nyingine. Kama duka ni dogo, lina nafasi ya friji moja, na friji hiyo imekuja kwa masharti kwamba isiwekwe kinywaji cha mtu mwingine, basi kwa joto letu hili soda ya mshindani itauzwa ya moto. Hakuna aliyekataza isiuzwe. Imeruhusiwa kabisa, ila ya moto.

Wanaodhani haya ni mambo madogo mno kwa sheria wajue yalishafika mbali. Ireland, kampuni ya aiskrimu iliyokuwa chini ya Unilever iliwapa wenye maduka friji bure kwa sharti hilohilo. Mars wakalalamika. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya ilisema sharti lile linavunja sheria za ushindani, na mwaka 2003 mahakama ikakubaliana nayo. Mwaka 2005 Coca-Cola nao waliingia ahadi na Tume hiyo kwamba, kwenye duka la Ulaya ambako friji yao ndiyo pekee ya vinywaji baridi, angalau asilimia 20 ya nafasi iachwe wazi kwa wengine. Wenye maduka wale wote walikubali friji kwa hiari. Hiari yao haikuwa swali. Swali lilikuwa: baada ya wote kukubali, mteja amebakiwa na nini cha kuchagua?

Na GPP ilikwenda mbali kuliko friji. Friji ni mali ya kampuni ya soda. ROG haikuwa mali ya Nvidia. ASUS waliianzisha mwaka 2006 na kuilea kwa bidhaa za pande zote. Mwaka 2010 ilikuwa na ARES, kadi yenye chipu mbili za Radeon kwenye bodi moja, na upande wa GeForce ilikuwa na MARS. Kila mtu aliyenunua Radeon ya ROG kwa miaka ile aliweka tofali lake kwenye jina hilo. Kisha chipu moja inakuja kudai nyumba nzima iwe yake, na mwenzake aliyesaidia kujenga aanze upya na jina ambalo hakuna anayelijua. Utetezi wa Nvidia ulikuwa kwamba wanamsaidia mteja ajue anachonunua. Kumsaidia mteja kungekuwa kuandika jina la chipu kwa herufi kubwa zaidi kwenye boksi. Kumwondoa jirani kwenye boksi si kumsaidia mteja.

Turudi kwenye saini. Mwanzoni mwa 2018 wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wanazoa kila kadi iliyotoka kiwandani. Chipu zilikuwa adimu. Mtengenezaji hakuwa anauliza nitauza nini, alikuwa anauliza nitapata mgawo wa chipu ngapi na lini. Sokoni, kiasi cha theluthi mbili ya kadi za grafiki zilikuwa za Nvidia. Kwenye taarifa ya Bennett, wanaoingia kwenye mpango walipata teknolojia mapema, wahandisi wa kuwasaidia, fedha za matangazo, marejesho ya mauzo na gemu za kuambatanisha na kadi. Asiyeingia anavikosa, na baadhi ya washirika walimweleza kwamba hofu yao kubwa ilikuwa mgawo. Hofu hiyo haihitaji kuandikwa kwenye mkataba ili ifanye kazi. Ukiwa unategemea mtu mmoja kwa theluthi mbili za riziki yako, na mtengenezaji mwenzako tayari amesaini, utasaini.

Anayedhani wangeweza kumhama Nvidia tu aitazame EVGA. Walikuwa wanauza kadi za GeForce peke yake, na zilikuwa sehemu kubwa ya mapato yao. Septemba 2022 walisema wameachana na Nvidia, wakitaja faida ndogo, bei zisizotabirika na kutoheshimiwa. Hawakwenda AMD. Hawakwenda kokote. Waliacha kabisa kutengeneza kadi za grafiki.

Hapa huwa naulizwa: kama ni baya hivyo, sheria inasemaje? Ndipo mambo yanapokuwa magumu, na wanaoandika kwa uhakika mno juu ya GPP naona wanaruka sehemu hii. Kesi ya kujifunzia ni ya Intel. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliipiga Intel faini ya yuro bilioni 1.06. Makosa yalikuwa ya aina mbili. La kwanza ni punguzo la bei kwa Dell, HP, NEC na Lenovo kwa sharti la kununua prosesa zote au karibu zote kwa Intel. La pili ni kuwalipa HP, Acer na Lenovo ili wacheleweshe au kuzuia kompyuta fulani zenye prosesa za AMD. Mwaka huohuo Intel iliwalipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi kati yao. Lakini mwaka 2022 mahakama ya Ulaya iliifuta faini ile, kwa sababu Tume ilishindwa kuthibitisha sawasawa kwamba punguzo lile lingeweza kumfukuza mshindani mwenye ufanisi sawa, na Oktoba 2024 mahakama ya juu ikathibitisha uamuzi huo. La pili halikufutika. Mwaka 2023 Tume ilitoa faini mpya kwa ajili yake, yuro milioni 376.

Ukiipima GPP kwa kesi hiyo, unaikuta katikati. Si punguzo la bei, na si malipo ya kuizuia bidhaa ya AMD isiuzwe. Ni kumwondolea mshindani jina. Mimi naona iko karibu zaidi na kosa la pili, kwa sababu shabaha yake ilikuwa bidhaa ya mwenzake na wala si bei ya bidhaa yake. Lakini wakili mzuri wa Nvidia angesimama na kusema: nionyesheni mauzo ambayo Radeon ilipoteza. Hapo ningebanwa. Mpango uliishi miezi miwili. AMD wakati ule hawakuwa na kadi ya kusimama na GTX 1080 Ti ya Nvidia, Vega 64 yao haikuifikia, kwa hiyo sehemu ya kuporomoka kwao ni udhaifu wao wenyewe. Mpango ulifutwa na bado Nvidia ikazidi kukua: kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya Jon Peddie Research, mwaka 2025 ilishika zaidi ya asilimia 90 ya soko la kadi za grafiki za kuchomeka. Nikisema GPP ndiyo iliyoiua Radeon nitakuwa nasema uongo.

Sheria yetu ya Ushindani hapa Tanzania, Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, inatazama lengo, matokeo, au matokeo yanayoweza kutarajiwa ya mkataba au ya matumizi ya nguvu ya soko. Maneno hayo ya mwisho nayathamini sana. Hayamlazimishi mtu angoje mshindani azikwe ndipo ahesabu hasara. Kwa GPP, matokeo yaliyotarajiwa yalikuwa yanaonekana kwa macho mwezi Aprili, kwenye boksi.

Na boksi kwetu lina uzito ambao mtu wa London huenda asiuone. Kadi inatoka Kariakoo, inakuja na basi hadi huku mwisho wa reli, na ikifika hakuna duka la kuirudisha kirahisi. Mnunuzi hana nafasi ya kujaribu tatu achague moja. Anasoma jina, anauliza rafiki, anaamua. Huku wateja wamenikatalia kadi nzuri ya Radeon yenye nguvu ileile na bei nafuu, kwa sababu tu boksi halina jina walilolizoea, wakachukua nyingine yenye jina kubwa na chipu dhaifu. Kuna kadi zinazouzwa kama RX 580 zenye alama 2048SP. Hizo kwa kweli ni RX 570 iliyobadilishwa jina, yenye vitengo 2048 vya kukokotoa badala ya 2304. Jina kwenye boksi linaamua fedha ya mtu inakwenda wapi, kwa hiyo anayelimiliki jina analimiliki soko la hapa kuliko anayetengeneza chipu bora.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la leo. Kadi za RX 9070 XT za AMD zilipotoka mwaka 2025, MSI hawakuwemo kabisa. ASUS walitoa za TUF na Prime, majina yao mengine, ROG hakuna. Hakuna mkataba uliotangazwa wa kuelekeza hivyo. Inawezekana kabisa ni hesabu safi ya biashara: ukiwa na mhandisi mmoja wa kumpangia kazi na soko limeegemea upande mmoja kwa asilimia 90, utampeleka huko bila kuambiwa. Siku nyingine naamini hivyo. Siku nyingine naona kwamba soko likishafika hapo, karatasi kama ya 2018 haihitajiki tena, kila mtu anajipangia mwenyewe kabla hajaombwa, na sheria inayotafuta saini haitaikuta.

Kwa hiyo kama Tume yoyote duniani ingetaka kulichunguza jambo hili upya, isianzie kwenye mikataba ya chapa. Ianzie kwenye orodha za mgawo: nani alipewa chipu ngapi, mwezi gani, na mwezi huohuo alikuwa anauza Radeon ngapi. Hapo ndipo penye jibu la kama walikubali au walikubalishwa.