Anaelewa kila kitu, ila hasemi tu

Jumanne nimeisikia mara tatu kabla ya saa sita mchana: "Daktari, huyu anaelewa kila kitu, ila kusema tu ndiko bado." (Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na kusahihisha nimeshachoka.)

Mara ya tatu nikasema haya, tuone. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Mama akanyoosha mkono, akakitazama kikombe kilichokuwa mkekani, akasema, "Leta kikombe." Kikaletwa. Akaniangalia kama aliyeshinda kesi. Nikapanga kikombe, kofia na kandambili mstari mmoja, nikamwomba aweke mikono nyuma, anitazame mimi, halafu aseme, "Leta kofia." Mtoto akaleta kikombe tena, anacheka, maana mara ya kwanza kilimpatia makofi.

Mama hakudanganya. Nyumbani "twende tukaoge" husemwa taulo likiwa begani na beseni limeshajaa maji. Hata mimi ungeniambia kwa Kichina ningevua nguo. Mtoto anasoma macho, mikono, mazoea ya nyumba. Ni akili hiyo, tena si haba. Ila si kuelewa maneno, na tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua: aliyechelewa kusema tu ana nafasi nzuri zaidi ya kuwafikia wenzake kuliko aliyechelewa kusema na kuelewa pia.

Haraka haraka: lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi. Kukata kamba ya ulimi hakuleti maneno. Na "anasikia, katuni ikianza anakuja mbio" si kipimo cha masikio. Mtoto anaweza kuusikia muziki wote na asiipate s wala f. Masikio yapimwe kwanza, kisha tuzungumze.

Sasa niseme la upande wetu, maana wazazi si peke yao wanaokosea. Vipimo vyetu vingi vimetoka kwa Waingereza na Wamarekani. Vinasema mtoto wa miaka miwili aunganishe maneno mawili. Mawili ya nani? Mtoto wa Kiswahili akisema "sitaki" ameshakana, ameshajitaja na ameshataja tendo, lakini karatasi yangu inataka niweke alama moja. Mwingine husema "taka" tupu, kiambishi kimeachwa njiani kama wafanyavyo wengi wa umri huo. Nimpe ngapi? Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama, mzazi anaulizwa kwa mdomo badala ya kujaza fomu, na hizo angalau zimerekebishwa kwa lugha za kwetu. Pamoja na hayo, siku nyingine naandika alama, naifuta, naiandika tena.

Na hata nikihesabu vizuri, katika umri huu siwezi kuapa ni nani atakayewafikia wenzake. Nimewahi kumtuliza mzazi nikakosea. Nimewahi pia kumwogopea mtoto, mwaka uliofuata akaingia mlangoni anasema bila kituo. Tatizo ni kwamba nikisema "sijui bado," nyumbani hufika "amesema hana neno."

Bibi aliyekuja naye Jumanne alikuwa na lake: "Hata babake alianza kusema akiwa na miaka minne." Alilitoa ili tufunge mazungumzo twende zetu. Mimi ndilo pekee nililopigia mstari siku hiyo, kwa sababu kuchelewa kusema huenda na ukoo, na kuna ukoo ambao hakuishii kwenye kusema. Nikamgeukia baba, aliyekuwa kimya na simu yake. Shule ilikwendaje?

Akacheka kidogo. "Kusoma kulinitesa. Darasa la tatu nilirudia." Kisha akaizima simu. Mkewe akamtazama, nadhani hilo hakuwa amewahi kuambiwa.

Masikio yanapimwa Alhamisi. Baba amesema atamleta mwenyewe.