Kukimbia vita si kuuza shamba

Wengi husema: "Aliyekimbia miaka thelathini, ardhi imekwenda." Si kweli. Chukua Burundi. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, hawakumuuzia mtu shamba. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, wa kuleta amani Burundi, ulitamka wazi: mkimbizi anayerudi arejeshewe mali yake, hasa ardhi, isipowezekana, afidiwe kwa haki.

Wengine hudai asiye na hati hana haki. Lakini vijijini Burundi ni wachache sana waliowahi kuwa na hati. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, mti aliopanda babu, jirani aliyejua nani alilima wapi. Ushahidi wa namna hiyo una uzito wake, nao wazee wanaoukumbuka wanapungua kila mwaka; yafaa maelezo yao yaandikwe mapema.

Ugumu upo kweli. Rumonge, nchini Burundi, kwenye michikichi kando ya Ziwa Tanganyika, aliyerudi alikuta familia nyingine imezaa na kuzika hapo, pengine ikiwa imegawiwa ardhi hiyo na serikali yenyewe. Familia hiyo nayo haistahili kutupwa barabarani. Tume ya ardhi ya Burundi iliyoundwa 2006 iliwahi kuligawa shamba kati ya aliyerudi na aliyelikalia, ikaja kugeuka na kumrudishia mkimbizi lote, na ugomvi ukawaka upya.