Je, Mamajusi Walikuwa Watatu?

Wakristo wengi, hasa waliokulia katika maigizo ya Krismasi, huamini kwamba mamajusi watatu, wale wataalamu wa nyota kutoka mashariki, walimkuta mtoto Yesu horini pamoja na wachungaji. Mathayo 2:1-12 haitaji idadi yao; zinazotajwa ni tunu tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane, na yaelekea hesabu hiyo ilitokana nazo. Tena mstari wa 11 unasema waliingia nyumbani, ilhali hori na wachungaji wamo katika Luka 2, ambayo haiwataji mamajusi kabisa.

Anayetaka kuhakikisha na azisome sura hizo sambamba, akiandika kila moja inamtaja nani na wapi. Afikapo Mathayo 2:16, ambapo mfalme Herode anaagiza wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili na chini yake, kulingana na muda alioupata kwa mamajusi, ataona kwamba huenda ziara hiyo haikufanyika usiku ule wa kuzaliwa.