Mteja wa kinga naye ni mteja: maduka ya Lubumbashi na barabara zao

Ukimwambia mwenye duka wa Lubumbashi kwamba mbele ya mlango wake itatengwa njia ya kinga, yaani baiskeli, atakuuliza kwanza: wenye magari watasimama wapi? Ana haki ya kuuliza. Gari linaonekana, linapiga honi, na mwenyewe hudhaniwa ana pesa. Lakini dhana si hesabu. Huko Bristol, Uingereza, utafiti wa mwaka 2006 ulikuta wenye maduka wakikadiria kwamba wateja 41 katika kila 100 huja kwa gari. Wateja wenyewe walipoulizwa, waliokuja kwa gari walikuwa 22 tu katika kila 100.

Utafiti wa Melbourne, Australia, wa mwaka 2008 ulipima nafasi yenyewe. Mwenye baiskeli alitumia pesa kidogo kuliko mwenye gari, ila mahali pa gari moja huenea baiskeli kadhaa. Hivyo mita moja ya mraba ya kuegesha baiskeli iliyaletea maduka dola 31 kwa saa, na ya gari dola 6. Sisemi dola hizo zitaonekana kwetu Lubumbashi, katika komuni za Katuba au Ruashi. Namna ya kuhesabu ndiyo tunayoweza kuazima.

Kwetu kinga hubeba pia mali ya soko. Mtu anayeingia mjini kwa barabara ya Kipushi au ya Kasenga, magunia ya makala (makaa ya kupikia) yakiwa yamempita kichwa, akishauza anageuka mnunuzi: chumvi, sabuni, unga wa bukari, mafuta, mayunite ya simu. Sasa mtazame akikaribia duka. Lori linamsukuma ukingoni, na ukingoni kuna mtaro wazi, ambao msimu wa mvua hujaa hata usijue kina chake. Atasimama wapi? Anapita, mpaka afike kwa yule aliyetandika ubao mpana juu ya mtaro. Franka zake zinabaki huko.

Kwa hiyo mimi ningeanza na vifuniko vya mitaro kabla ya kitu kingine. Kisha ukingo wa mita moja na nusu hivi, uliotengwa na magari kwa mawe au simiti. Mstari wa rangi peke yake ni kazi bure, teksi-basi zitaugeuza kituo chao kabla haujakauka. Na wamama wanaouza pembeni ya barabara wapangiwe nafasi yao mapema. Njia itakayowafukuza itaondoka na wateja wao, ambao ndio hao hao wanaoingia dukani.

Kabla ya kukubali au kukataa, mwenye duka amweke kijana mlangoni Jumamosi moja, aandike kila anayeingia na kununua: kwa miguu, kwa kinga, kwa moto (pikipiki), kwa gari. Akiona wa kinga ni wengi, amwite fundi wa kuchomelea. Bomba la chuma lililokunjwa na kuzikwa miguu yote miwili katika simiti linashika kinga mbili, moja kila upande, na kufuli linapita vizuri.