Je, wajua kwa nini mgonjwa hupigwa picha akiwa bado kwenye meza ya upasuaji?

Mtu akianguka na bodaboda akavunjika mifupa ya uso, daktari humwandikia CT skani kabla ya upasuaji. Hilo wengi tunalijua. Lakini zipo hospitali ambako hupigwa picha nyingine katikati ya upasuaji wenyewe, akiwa bado kwenye nusu kaputi, kabla jeraha halijashonwa. Kwa nini?

Uso uliovunjika huvimba, na uvimbe humdanganya hata daktari bingwa: kulinganisha shavu la kulia na la kushoto kwa macho hakutoshi. Tena hakuna anayetaka kovu katikati ya uso, kwa hiyo daktari hupasua padogo, pa kujificha: ndani ya mdomo, ndani ya kope la chini, au kwenye nywele. Mfupa anauchungulia tu.

Taya lenye meno lina nafuu, maana meno ni shahidi. Ya juu na ya chini yakikutana kama zamani, kwa kawaida mfupa nao umerudi mahali pake. Tundu la jicho halina shahidi wa namna hiyo. Sakafu yake ni nyembamba mno, mahali pengine haifiki milimita 1. Ikibomoka, mafuta yanayolizunguka jicho hushuka kwenye uwazi ulio chini. Daktari huziba pengo kwa wavu wa titani, na ncha ya nyuma ya wavu huo lazima ikalie mfupa usiovunjika kule ndani kabisa, karibu na neva ya jicho, ambako damu na mafuta humzuia kuona. Tundu zima lina ujazo wa takriban mililita 30. Likibaki limepanuka kwa mililita 2 au 3 tu, jicho linaweza kuzama.

Hapo ndipo mashine yenye mkono wa umbo la herufi C inapolipa gharama yake. Wahudumu hujificha nyuma ya kinga ya mionzi, mkono unakizunguka kichwa, kompyuta inajenga picha ya pande tatu. Baadhi ya programu huugeuza upande usiovunjika kama kwenye kioo na kuulaza juu ya uliovunjika, tofauti ya milimita chache ikaonekana. Wavu ukikutwa umeelea, daktari huunyanyua na kuulaza upya palepale. Bila picha hiyo, kosa lingegunduliwa baada ya jeraha kushonwa, na mgonjwa angerudishwa kwenye nusu kaputi mara ya pili.